Namna ya Kusoma Riwaya Kongwe za Kiswahili na Kuandika Uliyoyahisi

Wasomaji wengi wa Kiswahili walikutana na riwaya kongwe wakiwa darasani, mtihani ukiwa mbele yao na mwongozo ukiwa kando ya kitabu chenyewe, na mara nyingi mwongozo ndio uliosomwa kwanza. Ndiyo maana ukimwuliza mtu mzima aliyepita sekondari akueleze kuhusu Utengano ya Said Ahmed Mohamed au Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, atakutajia dhamira, ujumbe, migogoro na tamathali za semi kwa mpangilio uleule aliokaririshwa, lakini ukimwuliza ni mahali gani katika kitabu alipolazimika kusimama kidogo, au ni mhusika gani aliyemkasirisha hadi akatamani kumjibu, hana la kusema. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya msomaji huyo, ambaye sasa ana uhuru wa kukirudia kitabu bila kusahihishwa na mtu. Ninachokishikilia ni kwamba hisia za msomaji ni aina ya maarifa, na zinastahili kuandikwa, mradi tu kila hisia ifungwe na mahali mahsusi katika kitabu ilikozaliwa.

Kuchagua kitabu na nakala

Anza na riwaya iliyo na kisa kinachoshikika. Kwa msomaji anayerejea baada ya miaka mingi, Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, ni mlango mzuri, kwa kuwa lugha yake ni nyepesi na sura zake hazichoshi. Kuli ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, nayo inafaa kwa mtu anayependa kuona mji mzima ukijengeka mbele yake. Anayependa upelelezi aanze na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, ambamo Bwana Msa anafumbua mafumbo huku kiko kikiwa hakimtoki mkononi. Shaaban Robert nitamzungumzia peke yake, kwa sababu anadai namna yake ya kusomwa.

Kuhusu nakala, kuna jambo moja dogo ambalo litakuokoa baadaye. Riwaya hizi zimechapishwa mara nyingi, na baadhi yake zimehama kutoka kwa mchapishaji mmoja hadi mwingine, kwa hiyo namba za kurasa hazilingani. Ukiandika katika daftari lako kwamba jambo fulani liko ukurasa wa arobaini, rafiki yako mwenye chapa nyingine hataliona. Andika namba ya sura, kisha maneno matatu au manne yanayoanza aya husika. Vilevile, kama toleo lako lina utangulizi wa mhariri au maelezo marefu kwenye jalada la nyuma, yaache mpaka umalize kitabu. Tangulizi za vitabu vya shule zina tabia ya kufichua mwisho, na zaidi ya hapo zinakupa maneno ya kusema kabla hujapata la kusema.

Usomaji wa kwanza

Katika usomaji wa kwanza usitafute chochote. Najua ushauri huu unapingana na tulivyofundishwa, kwani jicho la mtahiniwa huanza kuwinda dhamira tangu aya ya kwanza, kabla hata halijamsikia mhusika yeyote akizungumza. Soma kwa vikao virefu kadiri unavyoweza, angalau sura mbili kwa mkao mmoja, na usishike kalamu. Riwaya inahitaji muda wa kukuzoesha na watu wake, na msomaji anayesoma kurasa tano leo na tano wiki ijayo hufika mwisho akiwa amekusanya matukio tu.

Tatizo ambalo wengi hulalamikia ni msamiati. Msomaji wa bara anayefungua Kuli atakutana na maneno ya bandarini na ya mitaani Unguja ambayo hajawahi kuyasikia, na msomaji aliyekulia Nairobi, Bujumbura au Lubumbashi atayaona mengi zaidi. Ushauri wangu ni kutokimbilia kamusi. Soma mbele, kwa sababu neno la kazi aghalabu hujieleza lenyewe linaporudi mara ya pili au ya tatu, pale unapoona mtu anakishika kifaa hicho, anakivuta au anaumizwa nacho. Likiwa bado limefumba baada ya sura nzima, ndipo utafute Kamusi ya Kiswahili Sanifu au Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa). Kuna faida nyingine ya kuvumilia: kutoelewa kwako ni sehemu ya hisia za awali. Kijana Rashidi, mhusika mkuu wa Kuli, naye anajifunza ulimwengu wa makuli hatua kwa hatua, hadi tunapofika kwenye mgomo wa mwaka 1948, na msomaji asiyeijua bandari ana bahati ya kujifunza pamoja naye.

Shaaban Robert asomwe kwa sauti

Wapo wanaokiacha Kusadikika baada ya kurasa chache wakisema wahusika wake si watu bali ni majina ya tabia, na kwamba sentensi zake zinazunguka. Lalamiko hilo nalielewa, lakini naamini linatokana na kumsoma kimyakimya na kwa haraka. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa mshairi kabla ya yote, na nathari yake imejengwa kwa mizani. Anapenda kupanga mawazo mawili mawili yanayopimana, anapenda kurudia umbo la sentensi huku akibadilisha maana, na mambo haya macho huyaona kuwa ni marudio, ilhali sikio huyasikia kuwa ni mwendo.

Chukua sehemu ambapo Karama anajitetea. Kosa lake ni kutaka kuanzisha elimu ya sheria katika nchi ya Kusadikika, nchi inayoelea angani, na anayemshitaki ni Waziri Majivuno. Badala ya kuibishia hoja ya mashitaka moja kwa moja, Karama anawasimulia waliomo barazani habari za wajumbe sita waliopata kutumwa huko na huko, mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, mbinguni na ardhini, ambao kila mmoja alirudi na jambo la manufaa kwa taifa na kila mmoja akaishia kifungoni. Usome utetezi huo kwa sauti ya mtu anayesimama mbele ya watu wenye uwezo wa kumuua. Utagundua, kama nilivyogundua mimi, kwamba utulivu wa sentensi ndio unaotia hofu. Karama hapandishi sauti hata anapoeleza dhuluma, na kila mjumbe anayefuata anaingia na matumaini yaleyale, mpaka msomaji mwenyewe anaanza kutamani mmoja wao asirudi nyumbani. Hisia hiyo ya kutamani mtu mwema asirudi kwao sikuipata katika mwongozo wowote, na kwangu ndiyo kiini cha kitabu.

Kama una mtu wa kumsomea, msomee. Aya ambayo msomaji anakwama pumzi mara nyingi ni aya iliyosomwa bila kuzingatia mkato na nukta, na ukiirudia polepole itakaa sawa.

Daftari na swali la mlango

Ukimaliza kitabu, kaa siku mbili tatu bila kukifungua. Halafu chukua daftari na uandike, kwa kumbukumbu tu, mambo uliyobaki nayo: sura ya mtu, chumba, neno alilosema fulani, harufu, aibu. Usiandike muhtasari. Muhtasari unajidai kukumbuka kila kitu kwa usawa, ilhali kumbukumbu ya kweli haina usawa, na huko kutolingana ndiko kunakokuonyesha kitabu kilikugusa wapi.

Baada ya hapo rudi kwenye sura ya kwanza peke yake na uisome kwa makini, ukiwa sasa unaujua mwisho. Zoezi hili ninalithamini kuliko mengine yote, na Kichwamaji, riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1974, inalithibitisha vizuri. Kitabu kinaanza na Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu na msimulizi wa kisa, akiwa amekwenda kumwona Manase, rafiki yake wa utotoni ambaye sasa ni Mkuu wa Wilaya, na anasubirishwa nje ya ofisi. Katika usomaji wa kwanza unaliona hilo kuwa ni jambo la kawaida kabisa, kwani nani kati yetu hajasubirishwa nje ya ofisi ya mkubwa? Unapita. Lakini ukirudi ukiwa unajua kwamba Manase ndiye aliyempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, kwamba Kazimoto atamwoa Sabina, dada yake Manase, na kwamba kitabu kitaishia kwa Kazimoto kujiua, ule ukimya wa mlangoni unabadilika. Unaanza kumwangalia anayesubiri: anajionaje mbele ya wanakijiji wasio na elimu yake, anajitetea vipi moyoni, anamcheka nani ili asijihisi mdogo. Urafiki wa watu hawa wawili umeshakufa hapo mlangoni, na mwandishi ametuambia hivyo bila kututamkia.

Katika daftari, hilo nililiandika hivi: sura ya kwanza, Kazimoto anasubiri, anawadharau wanaosubiri pamoja naye, lakini naye anasubiri vilevile. Sentensi moja ya namna hiyo inatosha. Inataja mahali, inataja kilichoonekana, na inabeba hukumu ndogo ambayo unaweza kuitetea au kuibadilisha baadaye.

Usiufiche udhia wako

Msomaji anayekiheshimu kitabu hudhani kwamba ni lazima akipende chote. Sivyo. Udhia ni hisia yenye manufaa makubwa, ikiwa utaifuata mpaka ujue imetoka wapi. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1978, kuna Kijakazi, mtumishi anayemtumikia bwana wake kwa utiifu usio na kikomo, anayetukanwa na kuonewa, na ambaye hata baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 bado moyo wake uko kwa Fuad. Watu wengi niliozungumza nao wanaudhika na Kijakazi kuliko wanavyoudhika na Fuad mwenyewe, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Hapo ndipo panapostahili kusimama. Kwa nini nimkasirikie anayeonewa kuliko anayeonea? Ukiliandika swali hilo na kulirudia kwenye kurasa, utaona kwamba mwandishi amempa Fuad ukatili ulio wazi, ambao hauhitaji kufikiriwa, lakini amempa Kijakazi mazoea, unyenyekevu, hofu na hata aina ya mapenzi, na hayo ndiyo yanayomkosesha msomaji raha, kwa sababu hayafutwi kwa siku moja ya mapinduzi.

Kuna udhia mwingine ambao chanzo chake ni kitabu chenyewe: sura iliyorefushwa, hotuba inayowekwa kinywani mwa mhusika ambaye hangezungumza hivyo, au tukio la bahati nasibu linaloyafungua mafundo yote kwa mara moja. Riwaya kadhaa za miaka ya sabini zina kasoro ya hotuba, na sioni sababu ya kuwafichia waandishi wake. Litaje jambo hilo kwa adabu, onyesha sura, kisha endelea.

Wakati wa kitabu

Historia ya kitabu isomwe baada ya usomaji wa kwanza na kabla ya wa pili. Ukiisoma kabla, utakigeuza kitabu kuwa ushahidi wa historia. Usipoisoma kabisa, utakosa ujasiri uliomo ndani yake. Kusadikika kilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya utawala wa Mwingereza, na aliyekiandika alikuwa mtumishi wa serikali hiyohiyo. Kujua hivyo kunafanya shauri la mtu anayeshitakiwa kwa kutaka kufundisha sheria lisikike kwa namna nyingine kabisa. Rosa Mistika nayo ilizuiwa shuleni kwa muda kabla ya kuja kukubaliwa kuwa kitabu cha kusomwa madarasani, na anayeisoma leo anaweza kujiuliza ni kurasa zipi zilizowatisha wakubwa wa wakati ule, na kama kurasa hizo ndizo zinazomtisha yeye. Kwangu hazikuwa zilezile, nami nitaeleza hapa chini.

Usomaji wa pili

Sasa ndipo unaposhika kalamu ya risasi. Usipige mstari chini ya kila sentensi nzuri, kwa maana kitabu kilichopigwa mistari kila mahali hakina alama hata moja. Chagua mtu mmoja ambaye katika usomaji wa kwanza ulimpita, umfuate yeye tu.

Katika Rosa Mistika, wengi hushughulika na Rosa na baba yake, Zakaria. Kisa kinatoka Ukerewe, kisiwa alikozaliwa Kezilahabi mwenyewe mwaka 1944, na kinamfuata binti aliyelelewa kwa fimbo hadi anapofika chuo cha ualimu Morogoro, ambako uhuru aliokuwa hajawahi kuuonja unamlemea. Kurasa zilizowashitua wengi ni zile za maisha yake na wanaume. Ile iliyonishitua mimi iko mbali nyuma: ni pale Zakaria anapompiga Rosa kwa sababu ya barua ya Charles, kijana aliyemwandikia. Katika usomaji wa pili nilimfuata Regina, mama yake Rosa. Ni mke wa mlevi, anapigwa, na mzigo wa nyumba na watoto uko mabegani mwake. Ukimweka yeye katikati, unaona kwamba Rosa alifundishwa mambo mawili nyumbani kwa wakati mmoja: kutoka kwa baba alijifunza kwamba mwanamume ni wa kuogopwa, na kutoka kwa mama alijifunza kwamba mwanamume huvumiliwa. Hakuna aliyemfundisha kwamba anaweza kuzungumza na mwanamume, kumkatalia, kumpenda au kumwacha, na bado akabaki mtu mwenye heshima zake. Ninapomfikia Rosa wa Morogoro nikiwa na Regina akilini, siwezi tena kumhukumu kwa wepesi ule ambao nilikuwa nao nilipokuwa mwanafunzi.

Sidai kwamba huo ndio usomaji sahihi. Mwingine atamfuata Charles, na atapata kitabu kingine.

Kuandika

Ukifika hapa una daftari lenye mambo mengi kuliko unayoyahitaji. Chagua moja, au kwa wingi mawili, yanayohusiana. Andiko la hisia binafsi halilazimiki kugusa fani na maudhui yote. Kurasa mbili zinazokaa na jambo moja zina uzito kuliko kurasa kumi zinazopita juu ya kila kitu.

Angalia tofauti ya sentensi hizi mbili. Ya kwanza: mwandishi amefanikiwa kuonyesha athari za malezi mabaya katika jamii. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajakifungua kitabu, na ingeweza kubandikwa kwenye riwaya nyingine kumi. Ya pili: baada ya Zakaria kumpiga Rosa kwa sababu ya barua, niliendelea kusoma nikimwogopa baba hata katika sura ambazo hayumo, na nadhani Rosa naye alikuwa akimwogopa vivyo hivyo huko Morogoro. Hii ya pili inaweza kupingwa, inaweza kuthibitishwa kwa kurudi kwenye kitabu, na haiwezi kuhamishiwa kwenye riwaya nyingine. Pima kila sentensi yako kwa kipimo hicho. Ile inayoweza kukaa kwenye kitabu chochote, ifute.

Tumia nafsi ya kwanza bila woga. Shuleni tulizoezwa kuandika kana kwamba hakuna mtu aliyesoma, tukisema "inaonekana" na "inadhihirika", na mazoea hayo yanamruhusu mwandishi kujificha. Ukisema "niliona", umejifunga kueleza uliona wapi. Wakati huohuo, usiyaingize maisha yako yote katika andiko. Kama tukio la riwaya lilikukumbusha jambo la nyumbani kwenu, litaje kwa sentensi moja na urudi kitabuni, kwa kuwa msomaji wako amekuja kusikia habari za riwaya.

Kuhusu kunukuu, nukuu kidogo na kwa usahihi, ukilinganisha neno kwa neno na nakala yako, hasa katika kazi za Shaaban Robert, ambazo mwendo wake huvunjika likiachwa hata neno moja. Na usimfichulie msomaji mwisho wa kitabu bila kumwonya. Mimi mwenyewe nimefichua wa Kichwamaji hapo juu kwa kuwa zoezi la sura ya kwanza lisingeeleweka vinginevyo, na kitabu hicho hakipungukiwi na kitu kwa mtu anayejua kitakavyokwisha.

Kitabu kinachofuata

Njia nzuri ya kuendelea ni kubaki na mwandishi yuleyule mpaka uone anavyobadilika. Aliyesoma Kuli aende Vuta n'kuvute ya mwaka 1999, ambamo Adam Shafi anaiacha bandari na kumfuata Yasmin, msichana wa Kihindi anayeikimbia ndoa aliyoozwa. Riwaya hiyo imetengenezewa filamu iliyotoka mwaka 2021, nami ninashauri filamu itazamwe baada ya kitabu, ili Yasmin wako mwenyewe apate muda wa kuwa na sura yake kabla hujaonyeshwa ya mwingine.

Aliyesoma Rosa Mistika na Kichwamaji aende Dunia Uwanja wa Fujo ya mwaka 1975, na baada ya hapo, si kabla, ndipo afungue Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991. Humo Kezilahabi anaviacha vijiji, ofisi na vyuo tulivyovizoea, na msomaji asiyemjua atadhani amepotea njia tangu sura ya kwanza. Nagona ni fupi. Isome kwa kikao kimoja kama unaweza, usiilazimishe kuwa na kisa, andika kila swali linalokujia hata kama unaliona la kitoto, kisha baada ya siku chache uisome tena ukiwa na maswali hayo mkononi na daftari la Kichwamaji pembeni, kwa maana mengi ya maswali hayo Kazimoto alikwisha kuyauliza.